Ulisimama Wapi Ulipopima?

Baba alituachia baiskeli ya Phoenix, ng'ombe watano na daftari la kaunta lenye jalada jekundu. Ng'ombe tuligawana, baiskeli ilibaki kwa mama, daftari nikalichukua mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Humo ndani kuna madeni, siku za mvua, majina ya watu waliokuja kumzika babu, na kwenye ukurasa mmoja wa katikati kuna namba mbili. Ya kwanza ina tarakimu 6 na inaanza na 54. Ya pili ina tarakimu 7 na inaanza na 971. Chini yake ameandika: "Kona ya shamba." Na chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizofifia: "Arc 1960."

Nilidhani ni mwaka. Sikujiuliza mwaka wa nini, wakati baba mwenyewe mwaka 1960 alikuwa mtoto wa kuchunga ndama.

Kijiji chetu kiko Magu, upande wa kusini wa Ghuba ya Speke, kama saa moja na kitu kwa basi kutoka Mwanza mjini. Siku ambayo hakuna ukungu unaiona Ukerewe ng'ambo ya maji, kama mtu aliyelala chali. Ujana wake baba alikuwa kibarua wa wapima ardhi. Aliwabebea miguu ya vyombo, akawafyekea vichaka juu ya vilima ili nguzo moja ionekane kutoka kwenye nyingine. Mmoja wao, kwa kumshukuru, alimpimia kona ya shamba lake na kumwachia hizo namba. Baba alizitunza kama watu wengine wanavyotunza cheti cha ubatizo.

Miaka michache iliyopita kijiji kilianza kugawa hati za haki miliki ya kimila, zile zinazotokana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kaka akanipigia simu: njoo na lile daftari. Nikapakua programu ya ramani kwenye simu, nikaingiza namba, nikachagua kanda ya 36 kusini ambayo ndiyo yetu, nikasubiri. Kialama chekundu kikatua. Lakini hakikutua kwenye kona yetu, pale juu kwenye mawe na mihogo. Kilitua chini, karibu mita 300 kaskazini, katikati ya shamba la jirani yetu, hatua kama mia moja hivi kutoka majini.

Shamba hilo ni la mama mmoja mjane ambaye wote tulimwita Mayu, kama Wasukuma tunavyomwita mama yeyote wa heshima. Ardhi yake ni nyeusi, ya kulima nyanya na vitunguu kiangazi chote kwa ndoo za maji ya ziwa. Kila mwaka anapita mtu mwenye gari zuri anayeuliza kama inauzwa. Yetu sisi inaulizwa na mbuzi tu.

"Unaona?" kaka akasema. "Baba alijua. Alinyamaza kwa heshima ya marehemu mume wake."

Na mimi, msomi wa familia, nikaona. Kwa wiki tatu niliamini kabisa kwamba shamba letu linashuka mpaka ziwani. Nilishaanza hata kujenga kibanda cha wageni kichwani. Makala hii inahusu hizo wiki tatu.

*

Kwanza nieleze kosa lilikuwa wapi, maana bila hilo utadhani naandika juu ya tamaa peke yake.

Ukitaka kumwambia mtu mahali kwa namba, lazima kwanza mkubaliane dunia ina umbo gani na mnaanzia kuhesabu wapi. Dunia si mpira wa kuviringika sawasawa. Imebonyea kidogo kwenye ncha, imevimba kidogo tumboni, na ina mabonde na vilima visivyo na hesabu. Kwa hiyo wapimaji huchagua umbo laini linaloikaribia, wanaliegesha mahali fulani, na kila namba inayofuata inasimama juu ya uamuzi huo. Wenyewe wanauita datamu. Mimi nitauita msingi.

Msingi wa baba ulikuwa Arc 1960. Habari yake ni ndefu na ina jasho jingi. Mwaka 1879 Mskoti mmoja, David Gill, aliyekuwa mnajimu wa Rasi ya Tumaini Jema, alianza kuwaza kupima mstari mmoja kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, kwa kufuata nyuzi 30 mashariki. Walipima kilima kwa kilima, pembe tatu kwa pembe tatu. Hapa Tanganyika kazi hiyo iliongozwa na Martin Hotine kati ya mwaka 1931 na 1933. Kipande cha mwisho kilikamilika mwaka 1954, miaka mingi baada ya Gill kufa. Hesabu za upande wetu wa Afrika Mashariki zilipokuja kupangwa upya kwa pamoja ndipo likapatikana jina hilo la Arc 1960. Umbo la dunia walilotumia lilikuwa la Mwingereza Clarke, la mwaka 1880. Ramani za karatasi tulizozikuta shuleni zilisimama juu ya msingi huo.

Simu yangu inasimama juu ya msingi mwingine: WGS84, uliotengenezwa na jeshi la Marekani kwa ajili ya satelaiti zao. Fikiria mafundi cherehani wawili. Mmoja amekupima wewe mwenyewe, bega na kiuno, akakushonea suti ya kukukaa. Mwingine anashona saizi moja ya kumtosha kila mtu duniani. Arc 1960 ni suti ya kushonesha: iliikaa Afrika. WGS84 ni ya dukani: inaikaa dunia nzima, na kitovu chake kimewekwa kwenye kitovu cha uzito wa dunia, kwa sababu satelaiti huzunguka hapo. Kati ya suti hizo mbili, kwa hapa kwetu, kuna tofauti ya mita 300 hivi, nyingi yake ikiwa kaskazini na kusini. Ukichukua namba za Arc 1960 ukazisoma kwa macho ya WGS84, kialama kinaruka kuelekea kaskazini. Kaskazini mwa shamba letu ni kwa Mayu. Kama angekuwa hayupo, tungedai samaki.

Namba ya baba haikuwa na kosa. Simu nayo haikukosea. Mwongo alikuwa yule aliyeziunganisha mbili hizo bila kuuliza.

*

Tunapenda kusema namba hazidanganyi. Nilipoanza kusoma mambo haya nikagundua kwamba hata wapimaji wenyewe huweka uongo mdogo kwenye namba zao, tena wanakiri. Katika mfumo ule wa kanda, Mwanza na Magu ziko kanda ya 36, ambayo mstari wake wa katikati ni nyuzi 33 mashariki. Mstari huo unapita nje kidogo ya jiji, pande za Igoma na Kisesa. Ungetegemea pale pahesabiwe sifuri. Hapana. Pameandikwa 500,000. Na ikweta, kwa sisi tulio kusini yake, imeandikwa 10,000,000 badala ya sifuri. Sababu ni ya huruma: hawakutaka mtu yeyote awe na namba hasi, maana alama ile ndogo ya kutoa husahaulika mtu anapoandika kwa haraka. Kwa hiyo kile 54 cha baba hakikumaanisha kilomita 540 kutoka popote pale. Kilimaanisha yuko kilomita arobaini na kitu mashariki mwa mstari wa Igoma, pamoja na nusu milioni ya hisani.

Huo ni uongo usioumiza, kwa sababu umetangazwa. Kila anayetumia mfumo anajua. Nadhani hapa ndipo lilipo jambo lenyewe: namba ya mahali ni ahadi kabla haijawa ukweli. "Mimi na wewe tumekubaliana kuanzia pale." Ukiijua ahadi, namba ni ya kweli mpaka sentimita. Usipoijua, ni tarakimu tu, unaweza kuzipeleka popote tamaa yako inapotaka.

Na ahadi ina watu wake: walioitoa na ambao hawakuulizwa. Mwezi Oktoba mwaka 1884 nchi 25 zilikutana Washington kuamua dunia ianzie wapi kuhesabu mashariki na magharibi. Wakachagua Greenwich. Kutoka Afrika ilikuwepo Liberia. Mwezi uliofuata, Novemba, mkutano mwingine ukafunguliwa Berlin, na huko unajua kilichozungumzwa. Ndani ya majira yale yale dunia ilipewa sifuri, na sisi tukaanza kupewa mipaka. Kichekesho ni kwamba hata sifuri yenyewe haikutulia. Leo ukienda Greenwich na simu yako, ukasimama juu ya ule mstari ambao watalii hupigia picha wakiutanua miguu, simu haisomi sifuri. Sifuri ya satelaiti iko mita 102 mashariki yake. Hata mwenye nyumba amehamishiwa mpaka.

*

Usidhani ni mambo ya wenye nyumba wa mbali. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba mpaka wao hapa uwe nyuzi 1 kusini ya ikweta, ukikata ziwa letu na kuendelea magharibi. Mto Kagera uko pale pale, mpana, unaonekana, kila mvuvi na mchungaji anaujua. Lakini waliokaa mezani walichagua mstari ambao hakuna jicho limewahi kuuona. Ndiyo maana kuna kipande cha Tanzania kilichobaki kaskazini ya mto, karibu kilomita za mraba 1,800. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kwenye kipande hicho, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba amekichukua, mpaka sasa ni mto. Vijana wa vijiji vya ziwa hili walikwenda vitani. Wapo ambao hawakurudi. Walikufa kwa ajili ya "nyuzi 1 kusini".

Nilipokuwa chuo nililichukulia jambo hili kama mzaha mchungu: watu wetu kufa wakilinda rula ya mkoloni. Siku hizi sisemi hivyo. Ule mstari ulikuwa wao mwaka 1890. Lakini mwezi Julai 1964, Cairo, viongozi wa Afrika huru, Nyerere akiwa mstari wa mbele, waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Hawakusema ni mipaka mizuri. Walisema: tukianza kuisogeza kila mmoja kwa hoja yake, hatutamaliza. Kuanzia hapo namba ya Berlin ikawa ahadi yetu sisi kwa sisi. Aliyeivunja hakuivunja Ujerumani, alituvunjia sisi. Namba inaweza kuzaliwa katika dhuluma na bado ikawa kitu cha kulindwa, kwa sababu ya walioishi juu yake na kuaminiana kwayo.

Lakini basi, utaniuliza, kama kila namba ni makubaliano, si kila mtu aje na yake? Kaka angesema hivyo: wao wana minyaa yao, sisi tuna daftari letu. Hapana. Ni kinyume chake. Kwa sababu baba aliandika yale maneno mawili, Arc 1960, namba zake zinaweza kugeuzwa kwenda WGS84 kwa kanuni inayojulikana, na kona yake ikarudi pale pale kwenye mawe na mihogo. Kutaja msingi hakuufanyi ukweli kuwa wa mtu binafsi. Ndiko kunakouwezesha kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila kumwagika njiani. Asiyetaja msingi wake ndiye anayejifanya anaona kutoka mbinguni.

Na hata mbinguni, kumbe, kuna mtu kwenye swichi. Mpaka mwanzoni mwa Mei mwaka 2000, Wamarekani walikuwa wanaiharibu makusudi ishara ya satelaiti kwa sisi raia, kiasi kwamba ungeweza kukosea kwa mita mia moja. Halafu rais wao akaamua, wakaacha. Ardhi yenyewe nayo haikai: bara letu linasogea kuelekea kaskazini-mashariki sentimita mbili na nusu hivi kwa mwaka, na wanasayansi wanasema kipande hiki kilicholibeba ziwa, kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, kinajizungusha taratibu kinyume cha mwendo wa saa. Tangu mwaka 1984 tumeshasogea kama mita moja, sisi na mihogo yetu. Ndiyo maana nchi huunda mifumo yao iliyofungwa kwenye tarehe maalumu. Tanzania ina wake unaoitwa TAREF11. Mpimaji mwaminifu haandiki mahali tu. Anaandika mahali, msingi, na lini.

*

Wiki ya tatu wapimaji walifika kijijini. Alikuwepo binti mmoja mwenye kofia pana na kifaa mkononi, pamoja na kamati ya wazee. Utaratibu ni kutembea: mwenye shamba anatangulia, majirani wote wanaopakana naye wanafuata, kila kona inapimwa mbele ya macho yao, na wanatia sahihi. Tulipofika kwenye ukuta wa minyaa unaotenganisha shamba letu na la Mayu, kaka akasimama, akasema kuna jambo, akanionyesha kwa kidevu. Nikatoa daftari.

Yule binti akazisoma namba. Aliniuliza swali moja tu, tena kwa upole: "Kaka, hizi zilipimwa kwenye datamu gani?"

Nilikuwa nimeshika daftari wazi. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya yale maneno madogo.

"Sijui," nikasema.

Nimelifikiria sana hilo neno. Kwa maana moja halikuwa uongo: sikujua datamu ni nini kwa ufasaha wa kuweza kumfundisha mtu. Lakini usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeandika "Arc 1960" kwenye simu, nikasoma aya mbili, nikaona "mita 300", nikazima. Nilizima haraka, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alichokosea kuingia. Sikutaka kujua. Ile "sijui" yangu niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho vitabu vya falsafa nilivyosoma havikuwahi kunigusa nacho. Sisi hatuulizi msingi wa namba inayotupendelea. Kialama kingetua kusini, ndani ya mihogo yetu, na Mayu akaja na daftari, ningekesha usiku kucha nikitafuta kosa. Ningeuliza datamu, kanda, mwaka wa kifaa, jina la mpimaji na la mama yake. Kwa sababu kilitua kwenye ardhi nyeusi, niliridhika kwa dakika moja. Kwa hiyo wajibu wa kuuliza "ulisimama wapi ulipopima?" haulingani kwa watu wote. Unamwelemea zaidi yule ambaye kipimo kimempendelea. Yeye ndiye mwenye sababu ndogo kabisa ya kuuliza, na ndiye peke yake ambaye asipouliza atamwumiza mwingine.

Binti akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema kona hii itabaki na mgogoro mpaka jioni. Neno "mgogoro" likapita kwa wazee mmoja baada ya mwingine. Mayu hakusema kitu. Aliniangalia tu, akafunga vizuri kitenge chake, akaanza kurudi nyumbani.

*

Sitaki kukuuzia hadithi ya wazee wenye hekima na mashine zenye ubaya. Ni hadithi tunayoipenda sana sisi wapenda vitabu, na ina ukweli wake. Mzee Aniceti Kitereza, pale ng'ambo Ukerewe, aliandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, ikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Ukiisoma, Myombekere anapokwenda kumfuata mkewe aliyerudishwa kwao, anakwenda kwa wakwe. Mahali ni watu. Njia ni uhusiano, na kufika ni kukubaliwa. Na Shaaban Robert katika Kusadikika alitupa nchi nzima inayoelea angani, isiyo na udongo wa kupigia nguzo, na bado dhuluma zake tunazitambua moja kwa moja. Nazipenda ramani za namna hiyo.

Lakini jioni ile nilipokwenda kwa Mayu, yeye hakuwa na mahaba na ramani za namna hiyo. Nilimkuta anachambua dagaa. Nikamsalimu "Mwangaluka" ingawa jua lilikuwa linazama, kwa woga nikasahau salamu ya jioni. Akacheka kidogo. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote: namba, kidole gumba, ile "sijui".

Alisikiliza huku mikono ikifanya kazi. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi hao wazee wa kamati nawajua. Baba yao mdogo mmoja ndiye alitaka kunitoa hapa mwaka aliokufa mume wangu. Alisema minyaa ilipandwa na kaka yake, kwa hiyo ni ya ukoo. Watu wote walikumbuka hivyo hivyo, siku hiyo." Akatupa kokoto lililokuwa kwenye dagaa. "Mimi nataka hiyo namba. Nataka iandikwe na jina langu. Namba haina shemeji."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimekuja kumwomba msamaha kwa niaba ya namba, kumbe yeye alikuwa anaisubiri kwa hamu kuliko mtu yeyote kijijini. Kumbukumbu ya wazee nayo ina msingi wake ambao haujatajwa, na mara nyingi mjane ndiye anayejikuta mita 300 nje yake. Minyaa inaweza kung'olewa usiku. Ziwa lenyewe, ambalo wengine huliweka kama mpaka, lilipanda mwaka 2020 likameza fukwe na vibanda. Hakuna alama isiyosogea. Kuna alama ambazo watu wamesema wazi zilisimama wapi, na kuna ambazo hawajasema.

"Basi nenda kamwambie yule binti," akasema. "Usiniambie mimi. Mimi nilishajua shamba langu liko wapi."

Nilimkuta yule binti nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, anachaji kifaa. Nikamwonyesha ukurasa, safari hii kidole kikiwa pembeni. Akaona yale maneno madogo, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jina la shuleni. Alizigeuza namba za baba dakika ile ile. Kona ikarudi juu, kwenye jiwe kubwa ambalo tulikuwa tunakaa utotoni kufukuza ndege kwenye mtama, ikakosea hatua chache tu. Aliisifu kazi ya yule mpimaji wa zamani. Hakuniuliza kwa nini asubuhi nilisema sijui. Afadhali angeuliza.

Asubuhi yake nilirudia maneno hayo mbele ya kamati, pale pale kwenye minyaa. Kaka hakuongea na mimi mpaka Krismasi.

*

Huwa nawaza kuhusu yule mzungu, Speke, aliyefika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Hakuwa na satelaiti. Alichemsha maji, akasoma kipimajoto, akakadiria kutoka hapo kwamba ziwa liko zaidi kidogo ya futi 3,700 juu ya bahari. Alipatia, karibu kabisa na tunachojua leo. Halafu akageuka, akalipa ziwa jina la malkia wake, kana kwamba waliokuwa wakivua mbele ya macho yake walikuwa hawajaliita chochote. Urefu alisema aliupataje, ndiyo maana tunaweza kuukagua na kumpa haki yake. Kwenye jina hakuuliza mtu. Akili ni ile ile, siku ile ile. Kipimo alikitajia msingi, jina akaliacha bila.

Naona na sisi tunaoandika tuna ugonjwa huo. Tunasema "jamii inaamini", "vijana wa leo", "mila zetu", na hatusemi tulisimama kilima gani tulipoona hayo. Nimeandika mapitio ya vitabu humu mtandaoni ambamo nilimhukumu mwandishi kwa kipimo ambacho sikukitaja, na kwa kuwa kipimo kilinipendelea, sikukiuliza. Sisemi tuache kuhukumu. Yule binti alihukumu, na kona ikapatikana. Nasema tuandike yale maneno mawili madogo chini ya ukurasa, ili atakayekuja na simu nyingine aweze kuturudisha mahali petu.

Hati ya Mayu ilitoka. Jina lake limeandikwa kamili, na kona zote za shamba lake ziko kwenye karatasi. Aliniita nimsomee, kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika. Nikamsomea tarakimu moja moja, naye akaitikia kila moja kama anaitika salamu.

Daftari la baba bado ninalo. Juu ya yale maneno yaliyofifia nimepitisha kalamu ya wino, taratibu, nisiharibu mwandiko wake: Arc 1960. Nina mtoto wa miaka tisa. Siku moja ataufungua ukurasa huo akiwa na kifaa ambacho mimi sijakiona, na ardhi itakuwa imeshasogea tena kidogo. Nimemwandikia tulisimama wapi.